Baba na Mwana Ukingoni mwa Ngorongoro

Soma kwa ajili ya somo hili: Mwanzo 8:22; 2 Samweli 12:15–23; Ayubu 14:7–9; Zaburi 104:27–30; Yeremia 8:7.

Gari linalotoka Karatu kwenda Serengeti hupita kwanza kati ya mashamba ya mahindi, ngano na mbaazi yenye udongo mwekundu, kisha hufika lango la Lodoare na kuanza kupanda msituni. Miezi ya Juni na Julai ukungu huwa mzito hata taa huwashwa mchana. Juu, barabara inapozunguka ukingo wa kreta, kuna piramidi ya mawe kando ya njia. Madereva wengi hawasimami hapo, maana safari ya kwenda uwandani bado ni ndefu. Walioandikwa kwenye mawe hayo ni baba na mwana, Wajerumani wawili, na kati ya maziko ya wa kwanza na ya wa pili ilipita miaka 28. Aliyezikwa kwanza ni mwana.

Baba aliitwa Bernhard Grzimek. Alizaliwa tarehe 24 Aprili 1909 katika mji wa Neisse, eneo la Silesia, ambalo leo liko Poland. Baba yake mzazi, mwanasheria, alifariki Bernhard akiwa bado mtoto mdogo. Alisomea udaktari wa mifugo, na katika miaka ya utawala wa Hitler alifanya kazi kwenye wizara ya chakula na kilimo mjini Berlin, akishughulikia magonjwa ya kuku na ubora wa mayai. Habari za miaka hiyo hazipendezi zote. Baada ya vita alikana kwamba aliwahi kuwa mwanachama wa chama cha Nazi, lakini nyaraka zilizobaki zinaonyesha vingine. Anayesoma maisha ya mtu mashuhuri ni heri ayasome pamoja na doa lake, kama Biblia inavyotusomea maisha ya Daudi.

Mwaka 1945 alikabidhiwa bustani ya wanyama ya Frankfurt. Neno kukabidhiwa linaweza kudanganya, kwa sababu hapakuwa na kitu cha kukabidhi. Mabomu ya Machi 1944 yalikuwa yameangusha majengo, na wanyama wakubwa waliobaki hai walikuwa wachache tu. Watu wa mji wenyewe walikuwa na njaa. Wengi waliona busara ni kufukia mashimo ya mabomu na kuusahau uwanja ule. Grzimek alifungua malango Julai mwaka huo huo. Akawakaribisha wacheza sarakasi, akaweka bembea za watoto, akakusanya kiingilio senti kwa senti, na kwa fedha hizo akajenga banda moja, kisha lingine. Alikaa kwenye kazi hiyo hadi 1974. Alikuwa na umri wa miaka 36 alipoanza, na tayari alikuwa amejifunza kwamba mahali palipoungua panaweza kuota tena, ingawa haviji vyote vilivyokuwapo kwanza.

Soma Ayubu 14:7–9. Ayubu anautazama mti uliokatwa, ambao shina lake limekufa udongoni, na anasema nini kuhusu harufu ya maji? Mkulima wa Karatu anayeona kisiki cha mgrevilea kikichipua vuli inaponyesha hahitaji kuelezwa sana. Lakini soma pia aya zinazofuata: Ayubu hakusema kwamba mtu naye huchipua hivyo hivyo. Swali lake kuhusu mtu aliyekufa alilibeba likiwa zito.

Bernhard alikuwa na mwana, Michael, aliyezaliwa Berlin tarehe 12 Aprili 1934. Tangu ujana wake Michael alipenda kamera, na baba yake alimfanya mwenzi wa kazi kuliko mtoto wa kuamriwa. Walikwenda pamoja Kongo, na Michael akatengeneza filamu iliyotoka mwaka 1956, iliyoonyesha jinsi wanyama wa porini walivyokuwa wakikosa mahali pa kuishi. Filamu ilipendwa, fedha zikaja. Baba na mwana wakafikiri kuzitumia kununua ardhi ili kuongeza hifadhi Tanganyika, nchi iliyokuwa chini ya Waingereza wakati huo. Mkurugenzi wa hifadhi za taifa, Peter Molloy, aliwapa shauri lingine. Serikali ilikuwa inataka kubadili mipaka ya Serengeti, hifadhi ya taifa iliyoanzishwa 1951 ikiwa na Ngorongoro ndani yake, na hakuna aliyejua kwa hakika mle ndani mna wanyama wangapi wala wanakwenda wapi mwaka unapogeuka. Waje wahesabu.

Wote wawili wakajifunza kurusha ndege. Wakanunua ndege ndogo aina ya Dornier, wakaipaka mistari ya punda milia, na Desemba 1957 wakaondoka Frankfurt kwenda Afrika.

Kazi yao ilikuwa ya uvumilivu. Waliugawa uwanda wote vipande vipande, wakaruka chini chini kwa mistari iliyonyooka, mmoja akishika usukani na wengine wakihesabu upande wa kushoto na wa kulia. Hesabu yao ilifika wanyama wakubwa karibu 367,000, na miongoni mwao nyumbu wapatao 99,000. Baadhi ya wanyama waliwafunga mikanda ya rangi shingoni ili wawatambue tena wakiwa mbali. Walichuma pia majani ya mbuga, sehemu kwa sehemu, wajue kwa nini kundi huacha nyasi ndefu zilizo nyingi na kufuata nyasi fupi.

Hapo ndipo walipoanza kuuona mwaka wa Serengeti kwa jinsi ambavyo mtu wa chini hawezi kuuona wote kwa mara moja. Vuli inaponyesha, Novemba na Desemba, makundi hushuka kutoka kaskazini kuja nyanda za kusini-mashariki, kuelekea Ndutu na miguu ya milima ya Ngorongoro. Udongo wa huko umetokana na majivu ya volkano, ya Ol Doinyo Lengai na milima jirani, na nyasi zake fupi zina madini ya chokaa na fosforasi ambayo jike mwenye mimba na anayenyonyesha anayahitaji. Huko ndiko wanakozaa, kuanzia mwisho wa Januari hadi Machi, wengi wao ndani ya majuma machache tu. Ndama husimama baada ya dakika chache na muda mfupi baadaye hukimbia pamoja na mama yake. Fisi wanakula, simba wanakula, lakini hawawezi kuwamaliza wote kwa kuwa wamezaliwa pamoja. Masika yanapokwisha uwanda hukauka upesi, maji yaliyobaki huwa na chumvi, na kundi huondoka kuelekea magharibi, kisha kaskazini hadi mto Mara. Anayefika Ndutu mwezi wa Septemba huona vumbi na mifupa, na angeweza kuapa kwamba hapa hapajawahi kuwa na uhai.

Mipaka mipya iliyopendekezwa ingeuacha nje ya hifadhi ule uwanda wa kuzalia. Hilo ndilo lililowasumbua baba na mwana, maana mnyama hasomi ramani.

Soma Yeremia 8:7. Nabii anawataja ndege wanaojua majira yao, na wa kwanza ni korongo. Korongo weupe wa Ulaya, wale wajengao viota juu ya mapaa ya Poland na Ujerumani, hufika nyanda za Ngorongoro na Serengeti wakati wa mvua na kurudi kwao majira ya kuchipua. Nchi aliyozaliwa Grzimek na nchi atakayozikwa ziliunganishwa na ndege hao kabla hapajakuwa na ndege ya chuma. Je, Yeremia anawalaumu watu wake kwa kutojua nini?

Tarehe 10 Januari 1959 Michael aliruka peke yake juu ya nyanda za Salei. Tumbusi mmoja aligongana na bawa la ndege. Ndege ilianguka na Michael akafa papo hapo. Alikuwa na umri wa miaka 24. Aliacha mke, Erika, mwenye mtoto mdogo, na mwingine alikuwa tumboni.

Walimzika ukingoni mwa kreta, mahali ambapo mtu akisimama huona chini tambarare yote, ziwa la magadi na madoa meusi ya makundi. Januari kwa kawaida ni mwezi ambao kule chini ni kijani kibichi. Kwa aliyefiwa, ukijani wa nchi unaweza kuwa tusi. Mvua haikumngojea Bernhard amalize kulia, na nyumbu walizaa mwaka ule kama miaka mingine yote. Katika mashamba ya Karatu watu walipalilia. Mwanzo 8:22 inaahidi kwamba majira hayatakoma, na wengi huisoma aya hiyo kama faraja. Ni faraja. Lakini iliandikwa baada ya gharika, kwa watu waliotoka safinani wakiwa wamepoteza kila mtu waliyemjua, na huenda siku ya kwanza walipoona nchi imekauka haikuwa siku ya furaha tupu.

Bernhard angeweza kuuchukia uwanda ule na kurudi kwao asikanyage tena. Hakuna ambaye angemlaumu. Alifanya kinyume. Aliikamilisha hesabu, akaandika kitabu, na filamu ikamalizwa kwa msaada wa Alan Root, kijana mpigapicha kutoka Kenya. Kitabu na filamu vilipewa jina moja, lenye maana kwamba Serengeti isife. Vyote vilitoka mwaka ule ule wa 1959, na mwaka 1960 filamu ikapata tuzo ya Oscar upande wa filamu za habari za kweli. Jina la mwana lilikwenda duniani kote miezi michache baada ya kaburi lake kufukiwa.

Soma 2 Samweli 12:15–23. Daudi alifunga na kulala chini mtoto alipokuwa mgonjwa, na alipokufa aliinuka, akaoga, akaabudu, akala chakula, na watumishi wake wakashangaa. Wapo wanaodhani kuinuka kwa Daudi ni kusahau. Je, maneno yake ya mwisho kuhusu mtoto yanaonyesha kwamba alisahau? Na je, katika kanisa lenu, mfiwa anayerudi kazini mapema huhukumiwa vipi, na anayechelewa kurudi huhukumiwa vipi?

Kuhusu mipaka, Grzimek hakupata alichotaka. Sheria ya 1959 iliitenga Ngorongoro na Serengeti. Hifadhi ya taifa iliongezwa upande wa kaskazini, na sehemu kubwa ya uwanda wa nyasi fupi ikabaki katika eneo jipya la Ngorongoro, ambako wafugaji na wanyamapori wangeishi pamoja. Hapa pana jambo lisilofaa kurukwa. Mwaka 1958 wazee wa Kimaasai walikuwa wametia saini makubaliano ya kuondoka Serengeti ya magharibi, wakaacha malisho na visima vya Moru, wakaahidiwa maji na haki ya kuishi Ngorongoro. Grzimek aliamini kwamba ndani ya hifadhi ya taifa asikae mtu yeyote, hata mwenyeji wa hapo, na aliandika hivyo bila kupepesa. Katika hilo hakuwatendea haki. Makundi aliyoyahesabu kutoka angani yalikuwa yamechunga nyasi moja na ng'ombe wa Kimaasai vizazi kwa vizazi, wala hayakuwa yamekwisha. Katikati ya miaka ya 1970 waliokuwa wakiishi ndani ya kreta wakaondolewa pia, na kilimo kikapigwa marufuku katika eneo zima. Baba aliyelilia mwana alijua uchungu wa kupoteza. Haikumaanisha kwamba aliutambua kila mahali alipoukuta.

Habari iliyofuata haikutabiriwa na yeyote, na ndani yake ng'ombe wale wale wana sehemu kubwa. Mwishoni mwa karne ya 19 sotoka iliingia Afrika Mashariki. Ng'ombe walikufa karibu wote, na nyati na nyumbu wakafa pamoja nao. Wamaasai wanaikumbuka miaka hiyo kwa jina la Emutai, maangamizi. Mwaustria Oscar Baumann alipopita Ngorongoro mwaka 1892 alikuta watu waliobaki mifupa, wakitafuta chochote cha kutia mdomoni. Kwa zaidi ya miaka 60 baadaye ugonjwa uliendelea kurudi na kuua ndama wa nyumbu kabla hawajafikisha mwaka. Uwanda alioupiga picha Michael, na watu wa Ulaya wakaustaajabia kama dunia ya mwanzo isiyoguswa, ulikuwa kwa kweli nchi iliyokuwa bado mgonjwa.

Tiba haikupelekwa kwa nyumbu hata mmoja. Ng'ombe wa pembezoni mwa hifadhi walichanjwa, hasa kuanzia miaka ya 1950, na karibu 1960 chanjo bora zaidi ikatengenezwa na Walter Plowright, daktari wa mifugo, huko Muguga nchini Kenya. Sotoka ilipokoma kwa ng'ombe ikatoweka pia kwa nyumbu, ndani ya miaka michache. Hesabu ya 1961, iliyofanywa kwa picha za angani, ilipata nyumbu zaidi ya 200,000, ikaonyesha kwamba Grzimek na mwanawe walikuwa wamehesabu pungufu. Kufika 1977, baada ya miaka kadhaa ambayo kiangazi nacho kilipata mvua nzuri, walikuwa zaidi ya 1,300,000. Mwaka 2011 dunia ikatangaza kwamba sotoka imekwisha kabisa. Grzimek, aliyekuwa mganga wa mifugo kabla ya kuwa mtu wa televisheni, aliishi hadi kuona uwanda ukijaa kiasi ambacho Michael hakukiona. Nao ulijaa kwa sababu mfugaji alikubali kukamata ndama wake na kumpeleka kwenye sindano.

Soma Zaburi 104:27–30. Mtunzi anahesabu kwanza nini: kufa kwa viumbe au kufanywa upya kwa uso wa nchi? Mpangilio huo unamsaidiaje mtu aliye bado katikati ya kiangazi chake?

Miaka ya Grzimek iliyobaki ilikuwa ya kwenda na kurudi. Tangu 1956 alikuwa na kipindi cha televisheni Ujerumani, na kwa miaka 30 alionekana mezani, mara nyingi na mnyama hai akitambaa juu ya karatasi zake, akiwaomba watazamaji fedha kwa ajili ya hifadhi. Fedha hizo zilinunua magari na ndege na kulipia utafiti Tanzania. Huko Banagi, ndani ya Serengeti, ilijengwa maabara yenye jina la Michael, na humo ndimo uchunguzi wa kudumu wa uwanda ule ulipoanzia. Tanganyika ilipokaribia uhuru, wengi Ulaya walisema wanyama watakwisha Mwafrika atakapotawala. Grzimek hakujiunga nao. Alimwendea Julius Nyerere, wakaelewana. Septemba 1961, kwenye mkutano uliofanyika Arusha, Nyerere alitoa tamko lililoahidi kwamba nchi mpya itawatunza wanyama wake kwa ajili ya wajukuu, na uhuru ulipokuja Desemba hifadhi ziliendelea kuongezwa.

Alifariki Frankfurt tarehe 13 Machi 1987, akiwa na umri wa miaka 77, ameketi kati ya watoto akitazama onyesho la chui milia katika sarakasi. Majivu yake yaliletwa Tanzania, yakapandishwa barabara ile ya msituni juu ya Karatu, ambayo msitu wake hutoa chemchemi zinazonywesha mashamba ya chini. Yakazikwa karibu na Michael, na jina lake likawekwa kwenye piramidi ile ile. Kwa mwaka wa Serengeti, Machi ni mwezi ambao ndama waliozaliwa Februari wamekwisha kupata nguvu za kufuatana na mama zao, na kundi bado liko upande huu, kwenye nyasi fupi, likingoja masika.